Kisa cha Nissan Tsuru: gari gumu lililouzwa robo karne bila kubadilishwa

Tarehe 26 Oktoba 2016, Nissan ya Mexico ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza Tsuru ifikapo Mei 2017. Kesho yake, katika maabara ya Ruckersville, jimbo la Virginia nchini Marekani, Tsuru ya mwaka 2015 iligonganishwa uso kwa uso na Nissan Versa ya mwaka 2016. Dereva wa Versa angetoka na majeraha madogo. Dereva wa Tsuru, kwa mujibu wa vipimo vya sanamu lililofungwa mkanda kwenye kiti chake, kwa uwezekano mkubwa angekufa. Magari hayo mawili ni ya kampuni moja, yote ni saluni ndogo za bei nafuu, na yote yalitengenezwa Mexico.

Ni vigumu kuamini kwamba tangazo na jaribio vilikutana kwa bahati tu. Lakini swali kubwa zaidi ni la miaka iliyotangulia. Bodi ya Tsuru ilikuwa imetoka Japani mwaka 1990. Kampuni iliijua kuanzia msumari wa kwanza hadi wa mwisho. Iliwezekanaje gari hilohilo liendelee kuuzwa jipya, kwa stakabadhi na waranti, mpaka mwaka 2017?

Asili yake

Tsuru ni Sunny. Wasomaji wa Kenya waliozoea kuyaita magari haya kwa namba za bodi, B12, B13, B14, B15, wataitambua mara moja: ni B13 yenye usukani wa kushoto.

Sunny ya kwanza, B10, ilizinduliwa Aprili 1966 kwa jina la Datsun, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 988. Ilikuwa gari la familia ya Kijapani iliyoanza kupata fedha kidogo na kutaka gari lake la kwanza. Miezi michache baadaye Toyota ikaleta Corolla yenye injini ya 1077, na ushindani wa hizo mbili ndio uliozilea saluni ndogo za Japani kwa miongo mitatu iliyofuata. B110 ikaja 1970, B210 mwaka 1973, B310 mwaka 1977. B11 ya 1981 ndiyo iliyohamishia nguvu kwenye magurudumu ya mbele. B12 ikafuata 1985, na Januari 1990 ikatoka B13.

Ukiyafuatilia matoleo hayo utaona kwamba hakuna lililokaa Japani zaidi ya miaka mitano hivi. B13 nayo ilipisha B14 Januari 1994. Huo ndio utaratibu wa soko lenye ushindani mkali na sheria zinazosogea: gari linatoka, linajifunza, linaondoka. Kwa kipimo cha Japani, B13 ilikuwa gari la miaka minne.

Mexico ilikuwa na utaratibu mwingine. Kiwanda cha Nissan cha CIVAC, karibu na mji wa Cuernavaca katika jimbo la Morelos, kilifunguliwa mwaka 1966, kikiwa cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Japani. Jina la Tsuru lilianza huko na B11 katikati ya miaka ya 1980, likapita kwenye B12, kisha mapema katika miaka ya 1990 likakaa kwenye B13. Halafu halikuhama tena. Chile na Peru waliiita bodi hiyohiyo V16, nako ikawa gari la familia na la teksi. B14 ilikuja, ikaondoka. B15 ikaja, ikaondoka. Japani kwenyewe jina la Sunny likastaafishwa mwaka 2004. Tsuru ikabaki ileile, ikibadilishiwa taa, bampa na vitambaa vya viti.

Kwa nini ilipendwa

Hapa lazima tuwe waadilifu, maana aliyeinunua Tsuru hakuwa mjinga. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye valvu 16, takribani nguvu farasi 105, kwenye gari lenye uzito wa tani moja hivi. Gia tano za mkono. Hakuna kompyuta nyingi za kusumbua. Fundi yeyote wa Mexico aliweza kuifungua na kuifunga. Spea zilipatikana kila mtaa, kwa sababu bawaba ya mlango ya mwaka 1995 iliingia kwenye gari la mwaka 2010. Hata wezi walilijua hilo: kwa miaka mingi Tsuru ilikuwa kileleni, au karibu na kileleni, mwa orodha ya magari yaliyoibwa zaidi nchini humo, na sehemu kubwa ya wizi wa namna hiyo huishia kwenye soko la spea.

Kwa upande wa kiwanda, faida ilikuwa kubwa zaidi. Gharama nzito katika kutengeneza gari jipya haiko kwenye chuma chenyewe. Iko kwenye usanifu, majaribio, na kalibu kubwa za kukandamizia mabati ya bodi. Kalibu za B13 zilikwisha kulipiwa zamani. Kila mwaka uliopita bila mabadiliko ulizidi kulifanya gari liwe rahisi kulitengeneza, na kampuni ikaweza kuliuza kwa bei ambayo mpinzani mwenye gari jipya hakuifikia. Kwa hiyo Tsuru ikaongoza mauzo ya Mexico mwaka baada ya mwaka, na jina hilo, kwa matoleo yake yote tangu 1984, likauza zaidi ya magari milioni mbili.

Halafu ukaja uamuzi wa serikali ambao haukuwa na nia yoyote ya kuisaidia Nissan. Teksi za Jiji la Mexico kwa miaka mingi zilikuwa Volkswagen Sedan, ile tunayoiita kobe, ambayo ilitengenezwa Puebla hadi Julai 2003. Ilikuwa na milango miwili. Madereva waling'oa kiti cha abiria cha mbele ili watu waingie nyuma, na abiria aliyeingia nyuma hakuwa na mlango wake wa kutokea. Wahalifu waliitumia nafasi hiyo kuwateka na kuwapora watu. Jiji likaamua kwamba teksi mpya ziwe na milango minne. Uamuzi ulikuwa wa haki kabisa. Gari la milango minne lililokuwa rahisi kuliko mengine, lenye spea na mafundi tayari, lilikuwa Tsuru. Basi maelfu kwa maelfu ya abiria wakahamishwa kutoka kwenye hatari ya kuporwa wakaingia kwenye hatari nyingine, ambayo haikuonekana kwa macho.

Nalisisitiza jambo la teksi kwa sababu hoja kuu ya kuitetea Tsuru imekuwa siku zote kwamba mnunuzi alichagua mwenyewe. Aliyekaa kiti cha nyuma saa tano usiku hakuchagua kitu. Alipunga mkono, gari likasimama.

Bodi moja, sheria mbili

Sehemu ya kisa hiki inayonisumbua zaidi ni kwamba B13 hiyohiyo iliuzwa Marekani. Huko iliitwa Sentra, ikiunganishwa katika kiwanda cha Smyrna, jimbo la Tennessee, kwa mwaka wa modeli 1991 hadi 1994. Sheria ya Marekani ilikuwa imeanza kudai kila gari liwe na kinga ya mbele inayofanya kazi hata kama mwenye gari hakujali: mkanda unaojifunga wenyewe au mfuko wa hewa. Sentra ikawekewa mikanda ya kujifunga yenyewe, na kufikia 1993 ikapatikana na mfuko wa hewa upande wa dereva. Sentra iliyofuata, ya mwaka wa modeli 1995, ikaja na mifuko miwili ya mbele.

Maana yake ni hii: ujuzi ulikuwapo. Haukuwa wa siri wala wa gharama isiyofikika, kwani Sentra nayo ilikuwa gari la watu wa kipato cha kawaida. Tofauti ilitokana na kwamba upande mmoja wa mpaka kulikuwa na sheria, na upande wa pili haikuwapo. Tsuru iliyokuja kugonganishwa Ruckersville ilitengenezwa zaidi ya miaka 20 baada ya Sentra hiyo yenye mfuko wa hewa, nayo haikuwa na hata mfuko mmoja.

Jaribio la 2013 na kimya kilichofuata

Latin NCAP, mpango unaopima usalama wa magari mapya Amerika ya Kilatini, uliijaribu Tsuru mwaka 2013. Jaribio lao la mbele hupeleka gari kwa kilomita 64 kwa saa kwenye kizuizi kinachopokea asilimia 40 ya upana wake, upande wa dereva. Tsuru ilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima.

Inafaa kueleza sifuri hiyo ilitoka wapi, kwa sababu wengi hudhani ni suala la mifuko ya hewa tu. Gari linalokwenda kilomita 64 kwa saa lina nguvu ya mwendo sawa na gari linalodondoka kutoka ghorofa ya tano. Nguvu hiyo lazima iishie mahali. Katika gari lililosanifiwa vizuri, sehemu ya mbele, yaani mihimili iliyo chini ya boneti, hujikunja kwa mpangilio na kuila nguvu hiyo hatua kwa hatua, huku chumba cha abiria kikibaki na umbo lake. Mkanda na mfuko wa hewa hufanya kazi ndani ya chumba kilichobaki salama: humpunguzia mtu mwendo polepole kidogo, sehemu ya sekunde, badala ya kumwachia usukani umsimamishe.

Chumba cha Tsuru hakikubaki. Wapimaji walikiita kisicho imara. Nguzo ya kioo cha mbele inaporudi nyuma, mlango unajikunja, dashibodi inashuka juu ya magoti, na usukani unamfuata dereva kifuani. Ukimwekea mtu huyo mfuko wa hewa utamsaidia kiasi, lakini unamwekea ndani ya chumba kinachomfinya. Ndiyo sababu Tsuru haikuweza kuponywa kwa kuongezewa kifaa kimoja. Iliyohitaji kubadilishwa ni bodi, na bodi ndiyo iliyokuwa siri ya bei yake.

Baada ya matokeo hayo kutangazwa, gari liliendelea kuuzwa. Zaidi ya miaka mitatu. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu hakukuwa na sheria ya kuvunja: kanuni za Mexico za wakati huo hazikudai gari jipya lipite jaribio la kugongwa. Shirika la Global NCAP, linaloratibu mipango ya namna hii duniani, lilisema kwamba kati ya 2007 na 2012 zaidi ya watu 4,000 walikufa Mexico katika ajali zilizohusisha Tsuru. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu. Gari lililo jingi kuliko yote barabarani litahusika katika ajali nyingi, na si kila kifo kilisababishwa na bodi. Lakini hata ukiipunguza kwa kiasi kikubwa, inabaki idadi ya watu ambayo ingeifanya serikali yoyote ifunge daraja lililosababisha vifo hivyo.

Siku ya Ruckersville

Maabara ya Ruckersville ni ya IIHS, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani. Waliokutana huko Oktoba 2016 walikuwa IIHS, Global NCAP na Latin NCAP. Walichopanga kilikuwa rahisi kueleweka kuliko nyota zote: chukua saluni ya bei ya chini kabisa ambayo Nissan iliuza Marekani, chukua saluni ya bei ya chini kabisa ambayo Nissan iliuza Mexico, zigonganishe. Mwendo wa yote mawili kwa pamoja ulikuwa kilomita 129 kwa saa, nusu ya upana wa kila gari ikikutana na nusu ya mwenzake.

Picha zilienea haraka. Versa ilivunjika mbele, lakini mlango wa dereva na nguzo yake vilisimama. Tsuru ilikunjika mpaka kwenye kiti cha dereva. Kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mihimili au asilimia ya upana, ilitosha.

Kwa uchambuzi wangu, nguvu ya jaribio hili ilikuwa katika kuondoa visingizio kimoja kimoja. Huwezi kusema Mexico haina uwezo wa kutengeneza gari salama, maana Versa ilitoka Aguascalientes, mikononi mwa wafanyakazi wa Mexico. Huwezi kusema kampuni haina ujuzi. Huwezi hata kusema gari salama ni la matajiri, kwani Versa nayo ilikuwa ya watu wanaohesabu fedha zao. Kilichobaki ni uamuzi: nani apewe chumba kinachosimama na nani apewe kinachokunjika.

Wakati huohuo sheria nayo ilikuwa inasogea. Kanuni ya Mexico ya vifaa vya usalama kwa magari mapya, NOM-194, ilichapishwa mwaka 2016, na mkondo wake ulielekea kwenye mifuko ya hewa na breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kukwama. Kwa hiyo si picha peke yake iliyoimaliza Tsuru. Bodi ya 1990 ilikuwa inakabiliwa na masharti ambayo isingeyatimiza kwa gharama ileile. Ila nasisitiza mpangilio wa matukio: matokeo ya 2013 yalitoka na gari likaendelea, na lilipofika la 2016 tangazo lilitoka siku moja kabla. Aibu ya hadharani na sheria inayokaribia zilifanya kwa pamoja kile ambacho elimu peke yake haikufanya.

Nissan iliaga kwa toleo la mwisho la magari 1,000, likiitwa Buen Camino, yaani safari njema. Wapenzi wa gari hilo waliyagombania. Sioni ubaya katika mapenzi hayo. Watu walilelewa ndani ya Tsuru, walisomesha watoto kwa Tsuru. Ubaya uko kwa waliojua.

Gumu kwa njia, si kwa mtu

Neno linalorudi kila mtu anapoisifu Tsuru ni uimara, na hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoingia. Sifa ya Datsun na Nissan kwetu ilijengwa juu ya jambo hilohilo. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS. Shekhar Mehta alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet. Gari lililomaliza mbuga, mawe na matope ya Kenya likaonekana linaweza kila kitu, na heshima hiyo ilikuwa ya haki.

Lakini kuvumilia barabara mbaya ni kazi ya shokamzoba, springi, injini na giaboksi. Kumlinda mtu siku ya ajali ni kazi ya chumba cha abiria na mihimili ya mbele. Gari linaweza kuwa na la kwanza bila la pili, na Tsuru ndiyo uthibitisho. Kila mara ninaposikia mtu akigonga bodi ya gari la zamani kwa ngumi na kusema "hiki ni chuma", ninatamani aione picha ya ile Tsuru. Bati nene lisilojikunja mahali panapotakiwa linaipeleka nguvu yote kwa aliye ndani.

Na tusidhani kisa hiki ni cha Mexico peke yake. Mwaka 2018 Global NCAP iliijaribu Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyotengenezwa Rosslyn, Afrika Kusini, na kuuzwa mpya barani humu: nyota sifuri, chumba kisicho imara, japokuwa ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Kisha wakarudia mtindo wa Ruckersville. Hardbody mpya ya 2019 iligonganishwa na Navara ya 2015 iliyotumika Ulaya. Dereva wa Navara, gari la mtumba, angetoka hai. Dereva wa gari jipya kutoka dukani, kwa uwezekano mkubwa, hapana.

Matokeo hayo yanagusa moja kwa moja mjadala wetu wa umri wa magari yanayoagizwa kutoka nje. Kenya inakataa magari yaliyozidi miaka minane, Uganda imeweka miaka 15, Tanzania inayatoza kodi zaidi magari makuukuu. Hoja ya hewa chafu na ya uchakavu ninaielewa. Lakini mwaka wa kutengenezwa peke yake hausemi bodi ilisanifiwa lini wala kwa sheria ya nani. Tsuru ya mwaka 2015 ingepita kipimo chochote cha umri. Bodi yake ilikuwa na miaka 25. Ukaguzi wa breki, taa na kutu nao hauwezi kuligundua hilo. Ningependa kuona maofisa wetu wa viwango wakidai, kwa kila gari jipya linalouzwa au kuunganishwa hapa, matokeo ya jaribio la kugongwa kwa toleo lilelile linaloletwa, wala si toleo la Ulaya lenye jina linalofanana.

Kwa mnunuzi wa gari la mtumba kuna jambo dogo la kufanya leo. Washa swichi na uangalie taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, au ikibaki inawaka, mwite fundi wa umeme aichunguze kabla hujalipa, kwa sababu gari lililowahi kugongwa linaweza kuuzwa na mifuko iliyokwisha kufyatuka na taa iliyonyamazishwa.

Kuhusu Tsuru zenyewe, kufungwa kwa mstari wa uzalishaji hakukuziondoa barabarani. Ya mwisho ilitoka 2017, na ni gari ambalo kwa matunzo ya kawaida huenda miaka 20 au zaidi. Spea zake zipo, mafundi wake wapo, bei yake ya mtumba inashuka kila mwaka na kumfikia mtu mwenye uwezo mdogo kuliko yule aliyelinunua jipya. Uamuzi wa kutoibadilisha bodi hiyo katika miaka ya 1990 utaendelea kubeba abiria Mexico, Peru na Chile mpaka miaka ya 2030.